Mama Hakuruka Bunduki

Juzi fundi anayenijengea choo alitundika timazi ukutani. Ni kitu kidogo tu, kipande cha chuma kwenye uzi, kila fundi anacho. Aliishusha, akashika uzi kwa vidole viwili, akasubiri itulie. "Dada, simama hapohapo kwanza, ukipita unaleta upepo," akaniambia. Nikasimama. Kile chuma kikazunguka, kikapunguza mwendo, kikatulia. Nikashikwa na hasira mpaka nikaenda kukaa jikoni, na fundi akadhani nimeudhika na ukuta wake. Ukuta wake ulikuwa sawa kabisa, nisimwonee.

Mimi si mwandishi. Niliishia kidato cha pili, na hata huko sikuwa wa kusifiwa. Sina hakika kama haya nayapanga inavyotakiwa. Ila nikiyasema kwa mdomo nalia, na nikilia watu wananipa pole badala ya kunisikiliza. Kwa hiyo naandika.

Wa rika langu mliokulia bondeni mnazikumbuka kambi za uwindaji. Kiangazi kikiingia, maji yakishuka na nyasi zikishachomwa, wazazi wetu walikuwa wanavuka mto kwenda kufanya kazi kwa wageni waliokuja kuwinda. Baba yangu alikuwa mfuata nyayo, na kwa kuwa alikuwa na mkono mtulivu ndiye pia aliyeaminiwa kubeba na kutunza bunduki. Mdogo wake, Baba mdogo Alfonsi, alifuata nyayo pamoja naye. Mama alifua nguo za wageni. Shule zikifungwa nilikwenda naye, maana nyumbani kwetu Idete angebaki shangazi tu wa kuniangalia, na shangazi alikuwa na mkono mwepesi.

Ninachokikumbuka zaidi cha kambi ni harufu. Majivu ya nyasi, sabuni ya mche, na yale mafuta ya kusafishia bunduki. Yalinukia kama ndizi mbivu zilizosahaulika kabatini. Baba akirudi hemani mikono yake ilinukia hivyo, na mimi nilikuwa naipenda hiyo harufu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Sasa kuna jambo la nyumbani kwetu ambalo lazima niliseme, vinginevyo hamtaelewa. Babu alikuwa na gobori. Gobori lenyewe lilishachukuliwa na serikali kabla sijazaliwa, lakini mwiko wake ulibaki nyumbani kama kucha iliyobaki kwenye nyama. Mwanamke haruki bunduki. Ikilazwa chini, anazunguka. Akiiruka, risasi inapoteza njia, na anayeumia ni mtu wa nyumba hiyohiyo. Mimi nilifundishwa hilo kabla ya kufundishwa kuosha sufuria. Mama alitoka Mngeta, kwao hawakuwa na habari hizo, lakini alipoolewa alifundishwa, na alilishika kuliko sisi wenyewe.

Mwaka huo alikuja mgeni mmoja mnene, mpole, aliyenipa biskuti. Bunduki yake ilikuwa ndefu kuliko zote, na juu yake ilikaa darubini nene kama chupa ya chai. Aliiweka kwenye mkoba wa kijani na hakuruhusu mtu aiguse ila Baba. Siku ya kuvuka, mkoba ule ulilazwa ndani ya mtumbwi, katikati. Baba na Baba mdogo walikuwa wametangulia na mtumbwi wa kwanza, pamoja na mgeni. Kwenye huu wetu nilikuwemo mimi, Mama na beseni lake la nguo, mpiga kasia, na vijana wawili wa kambi.

Tulipofika ng'ambo, mkoba ulikuwa kati ya Mama na nchi kavu. Nilimwona. Alisimama, akauangalia, akamwambia mpiga kasia, "Kaka, nishikie beseni." Kisha akashuka ubavuni, majini. Aliloa mpaka mapajani, kanga ikamganda, vijana wakacheka. Mmoja akasema, "Mama Skola leo anaoga na nguo." Mama naye akacheka. Akapokea beseni lake, akapanda ukingoni huku akichuruzika.

Hayo niliyaona kwa macho yangu mawili. Shikeni hapo.

Siku chache baadaye ndipo nyati alipomwumiza Baba mdogo. Mimi nilikuwa kambini, kwa hiyo haya ni ya kusimuliwa. Mgeni alipenda kupiga mbali. Kwake kumsogelea mnyama haikuwa raha, raha ilikuwa kumpiga kutoka upande mmoja wa mbuga hadi upande wa pili. Kwa kazi hiyo darubini ilikuwa na vifundo viwili vya kuzungusha, kama kile cha kutafutia stesheni kwenye redio. Risasi ikienda mbali inashuka, kwa hiyo mpigaji anazungusha kifundo cha juu, kinalia tik, tik, tik, na bunduki inalenga juu zaidi kwa kipimo alichotaka. Mgeni akazungusha, akapiga. Risasi ilitakiwa kuingia begani, ikaingia tumboni. Nyati akajitia kwenye matete na jeraha lake la tumboni.

Nyati wa namna hiyo haachwi. Baba na Baba mdogo wakafuata damu. Akatokea upande wasioutazamia, akamchukua Baba mdogo kwa pembe, akamponda mguu. Baba alimpiga yule nyati karibu kabisa, akambeba mdogo wake mgongoni mpaka mtoni, bila kupumzika, hivyo ndivyo wanavyosema wote na mimi naamini. Hospitali Ifakara wakamkata mguu juu ya goti.

Tangu siku hiyo kambi nzima ilikuwa inanong'ona. Nilisikia jina la Mama likisemwa jikoni na kunyamaziwa nilipoingia. Mwanamke pekee kwenye mtumbwi wenye bunduki alikuwa nani? Wale vijana waliocheka akiloa, hakuna aliyekumbuka kuloa kwake.

Kisha Bwana Mrefu, ndiye aliyekuwa mkuu wa wawindaji pale, akaagiza darubini ipimwe. Niliona kazi yote, nimekaa karibu na kamba ya nguo Mama akianika. Walisimamisha ubao mrefu kuliko mtu, mbali, kwenye uwanja mweupe wa majivu. Baba akapanda kwenye ndoo, akapigilia msumari juu ya ubao, akatundika timazi. Wote wakanyamaza. Bwana Mrefu, mgeni, vijana, wote wanatazama kichuma kinavyozunguka. Kilipotulia Baba akachora mstari kufuata uzi, toka juu hadi chini, akaweka alama nyeusi chini na nyingine juu, amepima kwa futi.

Leo najua walikuwa wanafanya nini. Mpigaji analenga alama ya chini tu, haibadilishi. Anapiga, tundu linaingia kwenye alama. Kisha anazungusha kifundo, bado analenga chini, na risasi inatakiwa ipande juu ya mstari mpaka pale pa juu. Halafu anarudisha kifundo kilikotoka, na risasi irudi kwenye tundu la kwanza. Ikifanya hivyo, darubini ni mkweli. Isipofanya, ni mwongo. Basi.

Lakini mimi nilikuwa mtoto, na nilikuwa nimewahi kuona mtu akipigiwa ramli. Uzi, kizito kinachoning'inia, watu wazima wanaozuia pumzi mpaka kitulie. Nilijua kabisa ninachokiona. Walikuwa wanaiuliza bunduki nani kairuka.

Bwana Mrefu akalala chini, akapiga. Akazungusha, tik tik tik, akapiga. Akazungusha tena. Kila baada ya risasi Baba alikwenda ubaoni na kuzungushia tundu chaki. Matundu yalipanda, lakini hayakufika kwenye alama ya juu, na kadiri yalivyopanda ndivyo yalivyouacha mstari, yakilalia kulia. Kulia kulikuwa na nini? Kulikuwa na kamba ya nguo. Kulikuwa na Mama, ameshika shuka la mgeni, pini mdomoni.

Bunduki ilikuwa imejibu.

Hapo ndipo nilipoacha kuyaamini macho yangu. Niliwaza, pengine aliiruka siku nyingine, pengine usiku, pengine kwa bahati mbaya. Nilikuwa na ushahidi wa maji na kanga iliyoganda, lakini ubao ulikuwa mkubwa, watu wazima walikuwa wengi, na matundu yalikuwa yameelekea kwake.

Walipomaliza, Baba alikuja mpaka kwenye kamba ya nguo. Alisimama nyuma ya shuka, naona miguu yake tu. Aliongea na Mama kwa sauti ya chini, muda mrefu kidogo. Kisha nikamsikia Mama akisema, "Hapana, Baba Skola. Hilo hapana." Nikadhani anakana kosa.

Kikao kilikaliwa nyumbani Idete, mchana, Baba mdogo akiwa bado hospitali. Aliyeongoza ni shangazi. Nisimwonee na yeye, alikuwa ametoka kumwona mdogo wake bila mguu, na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Wifi," alisema, "hakuna anayesema ulikusudia."

"Nilikusudia nini?" Mama akauliza.

"Kubali tu. Tunachinja kuku mweupe, unanawa maji, yanaisha. Alfonsi akirudi anakuta nyumba ni safi."

"Nikinawa nitakuwa nimesema nimeruka. Sikuruka."

"Kwa hiyo bunduki ilipotea njia yenyewe?"

Mama aligeuka akamtazama Baba, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda akikwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti. Alimtazama mpaka wote wakageuka kumtazama.

"Kaka, sema basi," shangazi akasema. "Wewe ndiye mwenye mke, na wewe ndiye mwenye kazi ya bunduki."

Baba akaendelea na kijiti. Kisha akasema, "Mimi sikuwemo kwenye mtumbwi. Siwezi kulisemea jambo ambalo sikuliona."

Ni kweli. Hakuwemo. Nimelirudia neno hilo maisha yangu yote nikilitafutia uongo na sijauona. Kila kipande chake ni kweli, na kwa kweli hiyo alimzika mama yangu akiwa hai.

Mimi nilikuwa mlangoni, nimebeba mtoto wa jirani. Hakuna aliyeniuliza. Watoto hawaulizwi. Na kwa haki niseme sijui ningejibu nini, maana ubao ulikuwa umeshanichanganya.

Asubuhi yake Mama alifunga nguo zake. Alinisuka nywele kwanza, taratibu, kama siku ya kwenda kanisani, na aliponiachia kichwa alisema, "Shangazi akikupiga, usimrudishie maneno." Akaondoka kwa baiskeli ya kukodi kurudi kwao Mngeta. Mtoto ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo nilibaki. Nilifuata baiskeli mpaka kwenye mashamba ya mpunga, na pale nikasimama kwa sababu nilikuwa namwogopa. Mtoto mdogo namna ile akamwogopa mama yake kwa ajili ya matundu kwenye ubao.

Shangazi alinilea. Alinipiga na alinilisha. Nilipokuwa nakosea kidogo aliniambia, "Damu ya mama yako hiyo."

Miaka ikaenda. Nikawa mtu mzima, nikahamia Ifakara mjini, nikaanza biashara ya mchele. Baba alizeeka vizuri, watu walimpenda, na siku moja nilipokwenda kumsalimia Idete nilimkuta na askari mmoja kijana wa wanyamapori aliyekuja kusikia habari za zamani. Nilikuwa nawapitishia maji ya kunawa. Baba alikuwa amechangamka.

"Kulikuwa na darubini moja," alisema, "mwongo sijapata kuona. Unazungusha kifundo, kinalia tik tik vizuri kabisa, ndani haiendi. Inapanda nusu njia, halafu inaegemea pembeni kama mlevi. Ukiirudisha, hairudi nyumbani. Tuliipima kwenye ubao, na timazi, na kila kitu. Bwana Mrefu alikasirika akataka kuitupa mtoni."

Kijana alicheka. "Mliipima kabla ya kuwinda nayo, mzee?"

"Baada."

"Na kabla?"

Baba akasugua vidole. "Kabla tuliipima ya karibu tu. Mgeni alikuwa na haraka. Bwana Mrefu akaniuliza, vipi, nikamwambia iko sawa. Ya karibu ilikuwa sawa kweli. Vifundo hatukuvigusa."

"Sasa mzee, kwa bunduki ya mbali, si vifundo ndiyo kazi yenyewe?"

Mimi nilikuwa nimesimama na jagi. Maji yalikuwa yanamwagika juu ya mikono ya kijana wa watu, kisha juu ya miguu yake, na mimi siyaoni. Baba alikuwa anajua. Tangu siku ile ya ubao alikuwa anajua kwamba mke wake hakuruka kitu, kwamba kilichomkata mguu mdogo wake ni chuma kibovu ndani ya darubini, na neno lake mwenyewe, "iko sawa." Na sasa aliligeuza hadithi ya kuchekeshea wageni.

"Baba," nikasema, "Mama aliyajua haya?"

"Ongeza maji, mwanangu. Mgeni ananawa."

Nilikwenda Mngeta wiki hiyohiyo. Mama alikuwa anapepeta mpunga. Nilimwambia yote kwa pupa, nikidhani nampelekea kitu kipya. Aliendelea kupepeta mpaka makapi yakaisha.

"Aliniambia siku ileile," alisema. "Pale kwenye kamba ya nguo. Alisema darubini ni mbovu na yeye ndiye aliyeipitisha. Alilia. Akaniomba nilibebe mimi."

"Akuombe hivyo?"

"Alisema, wewe utanawa maji na kuku atachinjwa, siku ya pili watu wamesahau. Mimi nikisema, Alfonsi hatasahau."

"Kwa nini hukuwaambia pale kikaoni?"

"Nani angenisikia, na mwenye kujua amekaa palepale anakwangua kiatu?" Akaweka ungo chini. "Wangeniambia tu nimeruka, Skola, ningekaa. Watu husema. Lakini yeye alijua sikuruka, akataka niseme niliruka. Ningelala vipi na mtu huyo?"

Sikumkabili Baba. Niliahirisha, leo anaumwa, kesho kuna wageni, na mwisho akafa. Siku ya kumzika walisimama watu wakasema alikuwa mtu wa haki. Mama hakuja. Shangazi, ambaye sasa haoni vizuri, alisema kwa sauti ili nisikie, "Hata msiba haumgusi." Nilimeza. Nimekuwa nameza tangu siku hiyo, mpaka hiyo juzi nilipoona timazi ya fundi.

Kwa hiyo jana nilipanda pikipiki nikaenda Idete kwa Baba mdogo Alfonsi. Nilimkuta nje ya nyumba, anashona nyavu, magongo yake yameegemea ukuta.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, Skola. Umekonda. Mchele wote unauza, hupiki?"

Nikakaa chini kwenye jamvi. Nikamwambia. Nilimwambia polepole, nikiangalia nisiongeze kitu. Nilimwambia juu ya maji na kanga, juu ya kifundo kinacholia na hakiendi, juu ya neno "iko sawa." Nilimwambia pia kwamba Baba alilia, maana Mama aliniambia hivyo na si yangu kulificha. Alikuwa ameacha kushona. Alisikiliza akiwa ameshika uzi.

"Kaka yangu alinibeba mgongoni," alisema mwishowe. "Mpaka mtoni. Damu yangu ikimwingia machoni."

"Najua, Baba mdogo. Hilo ni kweli."

"Amekufa. Hawezi kujibu."

"Alikuwa hai miaka yote hiyo na hakujibu."

Kuku alipita kati yetu, Baba mdogo akamfukuza kwa gongo. Nilidhani atanifukuza na mimi.

"Ungeniachia tu," akasema. "Nyati yule alinibakizia mguu mmoja na kaka mmoja. Nilitosheka. Leo umekuja kunibakizia mguu."

Nilimwonea huruma, sitakataa. Ni mzee, na nilikuwa nimemnyang'anya kitu. Nilijiuliza kama nimefanya vibaya, na mpaka sasa najiuliza. Lakini hasira haikuondoka, ilikaa palepale ilipo.

"Mimi nilikuwa na mama mmoja," nikamwambia.

Aliutazama uzi wake muda mrefu. Nami sikuaga, nilikaa pale kwenye jamvi nikimsubiri alitaje jina la Mama.